Mkasi Usio na Msumari

Runyenjes, 8 Februari 1998

Kaka yangu mpendwa Kirimi,

Basi, kama nilivyokuwa nikikueleza mlangoni kwa mama kabla hujanikatiza ukisema ninaimba sifa za mume wangu, ile kompyuta haichori mkasi. Inaanza na kipande kizima cha plastiki halafu inakila kidogo kidogo.

Lakini salamu kwanza. Hujambo? Mkono bado unakuuma asubuhi kukiwa na baridi? Mama kifua kinaendeleaje? Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu, na mimi ndoa hii changa imeanza kuninenepesha.

Sasa sikiliza. Unajua Njue wangu anafundisha kazi ya chuma kwenye chuo kule Embu mjini. Mkubwa wake, Mhandisi Riungu, alirudi kutoka masomoni ng'ambo na programu kwenye disketi. Unaionyesha kompyuta mahali vidole vyako vitatu vilivyobaki vitabonyeza, mahali kiganja kitaegemea, na mahali makali yanatakiwa kuuma. Katikati unaipa plastiki tupu, iliyogawanywa viboksi kama karatasi ya grafu. Inauliza kila kiboksi: wewe una kazi gani hapa? Kisicho na kazi kinaondoka. Kinachobaki ni kipande kimoja chenye matundu, hakina msumari wala spring, na kinajikunja chenyewe. Ukibonyeza kinauma, ukiachia kinafunguka. Kwa hiyo hata kama mashine ya kukatia nyasi ilikuchukua gumba na kidole cha pili, utakata kitambaa tena.

Juzi nilimpelekea chakula nikamwona akifanya. Stima ikipotea hesabu yote inaanza upya. Ilipotea, naye hakutukana mtu. Alijimiminia chai akangoja. Kaka, nimeolewa.

Nakuomba usimuuzie huyo mnunuzi Mwongera cherehani yako. Tupe mpaka Pasaka. Na ututumie vipimo vya kiganja.

Dada yako mdogo,
Kawira


Muthara, 22 Februari 1998

Kawira mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mkono uko, sehemu iliyobaki. Mama ni mzima, anakohoa kwa sababu anapenda kuhurumiwa. Wewe hali yako sikuulizi, nimeiona kwenye kurasa zote nne.

Barua nilimsomea mama kwa Kimeru. Aliuliza kama huyo Njue pia hutembea juu ya maji.

Mwongera atakuja Jumatatu ya Pasaka na mkokoteni. Nimemwambia nitamjibu siku hiyo. Fundi asiyeweza kukata anakuwa mtu wa kukaa karibu na cherehani tu, na hapa sokoni wananisalimu kama mfiwa.

Vipimo hivi hapa. Upana wa kiganja, inchi nne. Kutoka kifundo hadi mwanzo wa vidole, inchi nne na nusu. Nimepima mwenyewe kwa mkono wa kushoto, futi nikiishikilia kwa meno.

Kaka yako,
Kirimi


Runyenjes, 15 Machi 1998

Kaka mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama, na mama pia. Sisi tuko vizuri, ila nyumba imejaa vumbi la plastiki, mpaka kwenye sahani ya githeri.

Pamoja na barua hii Purity, anayesafiri kuja huko, anakuletea mkasi wako. Njue alipata kwa mwenye bucha ule ubao mnene wa plastiki wa kukatia nyama, akaukata kwa msumeno mwembamba, akaufungia makali ya mkasi wa zamani. Wa kwanza ulivunjika mikononi mwake. Akaniita nione. Kumbe kompyuta ilikuwa imefanya ujanja: mahali pamoja iliacha uzi mwembamba wa plastiki ujifanye bawaba. Kwenye skrini unajikunja vizuri kabisa, lakini mkononi unakatika. Akairudisha kazini akaiambia isiache shingo nyembamba kuliko kalamu. Safari hii umbo lilitoka lingine kabisa, limepinda kama shina la mzabibu. Niliuweka kwenye meza nikawa naupitia tu nikiutazama.

Mimi nilipata C ya fizikia, unakumbuka. Sasa naota viboksi.

Niambie upesi ulivyokata.

Dada yako mdogo,
Kawira


Muthara, 24 Machi 1998

Kawira,

Hatujambo.

Mkasi nimeurudisha kwa Purity. Haufungi. Unalegea kiganjani, na vidole vikifika pa kubonyeza havina nguvu iliyobaki. Nilijaribu mbele ya watu, na hilo lilikuwa kosa langu. Mwambie Njue asante kwa jasho lake. Mwongera na aje.

Kirimi


Runyenjes, 29 Machi 1998

Kaka yangu,

Umeandika bila hata kuniita mdogo wako. Basi mimi nakusalimu mara mbili, wewe na mama, na najua uzima mnao.

Njue aliugeuza ule mkasi huku na huku. Hakusema una mkono mbaya, hakusema kompyuta ni mbaya. Alisema, "Kuna kitu sijui." Ndipo nikamwangalia akiupima tena, nikakumbuka miaka niliyokaa chini ya meza yako nikiokota pini, nikisikia ukimwandikia kila mteja inchi zake na kidogo juu.

Kirimi, niambie kweli. Kiganja chako, uliongeza nafasi ya mshono?

Nilidhani ikiwa ni hivyo atapunguza tu kwa msumeno. Anasema haiwezekani. Mkono ukibadilika, umbo lote linabadilika, kwa kuwa nguvu inatafuta njia nyingine. Ataanza upya, lakini anataka mkono wenyewe. Uweke juu ya karatasi, mama auchore kwa kalamu.

Dada yako mdogo,
Kawira


Muthara, 2 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Salamu. Nimesoma barua yako nikavua kofia nikakaa.

Mkono umeongeza wenyewe. Nusu inchi kila upande. Tangu nijifunze kazi sijawahi kuandika kipimo kitupu, hata cha jeneza ningeongeza. Mama amecheka mpaka kikohozi cha kweli kikamjia.

Karatasi hiyo hapo. Mama kazungushia kila kidole, na pale pasipo na kidole akapitisha kalamu polepole. Fanyeni haraka.

Kaka yako,
Kirimi


Muthara, 14 Aprili 1998

Kawira mdogo wangu, na shemeji Njue,

Pasaka njema, hata kama imepita. Mama anawasalimu, sisi sote wazima.

Kifurushi kilifika Jumamosi. Safari hii nilifunga mlango kwanza. Nikatandaza pamba nyepesi, nikakata kutoka ukingo huu hadi ule bila kupumzika. Kila nikiachia, makali yanafunguka yenyewe. Nilikuwa nimesahau ile sauti ya kitambaa.

Mwongera alifika Jumatatu na mkokoteni wake. Akanikuta ninakata gauni. Akasimama. "Na cherehani?" akauliza. Nikamwambia, "Ina mwenyewe." Akasema angalau nimpe chai, nikampa.

Lakini shemeji lazima ajue ukweli. Mkasi haukati khaki. Nikibonyeza kwa nguvu plastiki inapinda kando na makali yanaachana. Shule zinafunguliwa Mei, na sare ni khaki.

Kaka yenu,
Kirimi


Runyenjes, 19 Aprili 1998

Kaka yetu mpendwa,

Tunakusalimu sote wawili, tukiwa wazima na wenye furaha, na tunamwombea mama afya.

Nilimsomea Njue barua yako jikoni. Nilipofika pale pa Mwongera nililia, yeye akaninyang'anya karatasi akarudia sehemu ya khaki. Nikamwambia, "Na ya kusifiwa huisomi?" Akasema, "Hiyo haina kazi ya kunipa."

Anasema kosa ni lake. Aliiambia kompyuta vidole vitabonyeza, hakuiambia kwamba kitambaa nacho kitasukuma. Tena anasema amefanya kazi hii yote kwa barua na hajawahi kuona mkono wako ukikata.

Kwa hiyo tunakuja Muthara kabla ya mwezi huu kuisha. Mwambie mama asianze kumchinjia mtu kuku, chakula kitangoja. Mume wangu tayari amenunua khaki, ile ngumu kabisa. Anataka kukaa kando yako aone kwa macho yake mahali mkasi unaposhindwa.

Dada yako mdogo,
Kawira