Inashika, Haiachii

Karakana ya Baiskeli,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumatano, 14 Agosti.

Mpendwa Dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na mwanao. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Kikohozi kimemwacha ila sauti bado haijarudi, na nyumba ina utulivu ambao sikuuzoea. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitayaeleza.

Kwa kawaida hapa ningekuuliza hali yako, ungejibu sijambo, tukaendelea na mengine. Safari hii siulizi. Najua mkono wako wa kulia umefungwa plasta kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Najua ulianguka kwenye mteremko wa zahanati, na najua umewakataza watu wote wa nyumbani kwako wasiniambie. Usimgombeze mwanao. Nilishtuka ulipoacha kuniandikia ujumbe mwenyewe, yeye akaanza na "mama anasema hivi, mama anasema vile". Juzi Jumatatu nilimuuliza mara tatu akanizungusha. Mara ya nne akasema, "Mjomba, ni breki."

Kabla ya yote, naomba mtu yeyote asiipande baiskeli hiyo. Hata shemeji kwenda dukani asiipande. Iegemezeni ukutani mpaka nifike.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la kazi, mlango nimeupa mgongo ili wateja wasinione uso. Nina haya, Dada. Si ile haya ya kuvunja kikombe cha watu. Isome barua hii mpaka mwisho, halafu uamue kama bado una mdogo wako wa kiume.

Unakumbuka mwezi wa tano uliniandikia kwamba mkono wa breki wa kulia umekatika, unataka jozi ya bei nafuu ya baiskeli ya milima, kwa sababu muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani hana mshahara wa kununulia vya mashindano. Ukaongeza, "Lakini usiniambie wewe kipi kizuri. Wewe ni muuzaji. Waulize wanaopanda." Nilicheka peke yangu, ila yaliniingia. Nikanunua daftari, nikalitoboa pembeni, nikalifunga kwa waya mkuukuu wa breki na kulitundika kwenye msumari karibu na pampu. Juu ya jalada niliandika kwa herufi kubwa: MAONI YA WAENDESHAJI, MIKONO YA BREKI YA BEI NAFUU.

Nilikuwa na aina tatu: ya plastiki, ya rangi ya fedha na nyeusi. Watu waliandika, tena kwa raha zao. Kuhusu ile ya plastiki seremala wa jirani aliandika, "Inafaa kutundikia kofia." Mama anayesambaza mikate, ambaye vidole vyake ni vifupi kama vyangu, alisema ya fedha imekaa mbali na usukani, na mpaka vidole viifikie yeye ameshafika anakokwenda. Mwalimu mmoja wa hesabu alijaza ukurasa mzima, akachora na pembe, na hadi leo hakuna anayejua kama aliisifu au aliiponda. Nikawa kila jioni nalisoma lile daftari kama gazeti. Kichwa kilivimba. Nilijiona si fundi wa kuziba pancha tena, nimekuwa mtu wa utafiti.

Sasa kuhusu ile nyeusi. Ninaye mteja wangu muuza maziwa, anayepita bondeni kila siku na madebe mawili nyuma, mvua inyeshe au jua liwake. Katika wateja wangu wote hakuna anayepanda baiskeli kama yeye. Nilimpa jozi nyeusi aijaribu. Baada ya wiki mbili alikuja asubuhi, mimi nimeinama kwenye gurudumu nanyoosha spoko. Alianza kunieleza jambo. Sikuinua hata kichwa. Nilimwambia, "Andika kwenye daftari." Akaandika, akaenda zake.

Aliandika maneno mawili tu: "Inashika, haiachii."

Nilipoyasoma nilifurahi kama mtoto. Breki inayoshika, isiyoachia! Muuguzi wa milimani atake nini zaidi? Baadaye walikuja wengine wawili, wakasoma, wakacheka, wakaandika chini yake, "Nami nasema hivyo hivyo." Kwa hesabu yangu hao ni mashahidi watatu. Kumbe wale wawili hawakuwahi hata kuigusa ile nyeusi. Walipenda maneno tu.

Ndipo nikakufungia jozi nyeusi kwenye gazeti na kukuandikia kile kikaratasi. Nakikumbuka neno kwa neno: "Anayepanda kuliko wote amesema inashika, haiachii, kama wewe na kinyongo chako." Nilijiona mjanja wa maneno. Ningekuwa na uwezo ningekifuata kile kikaratasi hadi kwako, nikakila.

Jumanne ya wiki iliyopita mteja mgeni aliniuliza achukue ipi. Nikalishusha daftari, nikakohoa kidogo, nikamsomea kwa sauti. Muuza maziwa alikuwepo, anajaza upepo gurudumu la nyuma. Nilipofika kwenye maneno yake aliacha pampu.

"Hebu soma tena," akasema.

Nikasoma tena, huku natabasamu.

"Fundi, hayo ni malalamiko."

Nilidhani ananitania. Akaja mezani, akashika mkono wa breki uliokuwa hapo, akaubana. "Nilisema mikono, sikusema breki. Ukiibana hairudi. Inashika palepale, haiachii. Gurudumu la mbele likajifunga bondeni, nikamwaga madebe yote mawili. Ndiyo niliyokuwa nakueleza siku ile ukaniambia niandike."

Ndiyo hivyo, Dada. Hakuandika ni kitu gani kinachoshika. Breki inashika, ni sifa. Mikono inashika, ni balaa. Kwenye karatasi vyote viwili ni neno lilelile, na pale palipokuwa wazi mimi nilijaza nilichokitaka. Yeye ni mtu wa maneno machache na mwandiko wake ni wa taabu. Angeniambia kwa mdomo, ningeelewa katika dakika moja. Alikuja aniambie kwa mdomo, nikamnyima hiyo dakika kwa sababu nilikuwa na daftari.

Walipoondoka nilifunga jozi nyingine nyeusi kwenye baiskeli ya karakana. Niliimwagia maji, nikanyunyizia vumbi la sakafuni, nikabana. Ikarudi. Nikabana tena, ikarudi kwa uvivu. Mara ya sita ilibaki imejibana vilevile, na nilipozungusha gurudumu la mbele halikusogea. Nililazimika kuuvuta ule mkono kwa vidole viwili ndipo uachie. Nani ana vidole viwili vya ziada kwenye mteremko? Nilisimama pale nikaiona ile njia ya zahanati, changarawe zake, na wewe na mkoba wako wa dawa.

Siku hiyohiyo ningekupigia. Simu ilikuwa mfukoni, imejaa chaji. Sikupiga Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi nilitafuta namba yako nikaitazama, nikarudisha simu mfukoni nikaenda kupaka mnyororo mafuta ambao haukuhitaji mafuta. Nilijiambia labda kwako hakuna vumbi. Kwako! Siku tano nilikaa hivyo, mtu mzima mwenye ndevu, anamwogopa dada yake.

Jumapili nikajikaza nikapiga. Utakumbuka nilivyouliza mvua, nikauliza kuku, nikauliza paa la jikoni. Hata majirani niliwaulizia mmoja mmoja. Mwishoni nikasema, kama vile ndiyo kwanza nakumbuka, "Na breki je?" Ukanyamaza kidogo. Halafu ukasema, "Zinashika, mdogo wangu." Ukacheka.

Na mimi nikajibu, "Afadhali."

Nililijua lile neno lina maana mbili. Nilikuwa nimelijua kwa siku tano. Ningeweza kukuuliza unamaanisha ipi. Nilisikia ulivyonyamaza, nikaamua kutosikia. Wewe uliyekuwa na plasta mkononi ulikuwa unanifichia mimi aibu yangu, na mimi nikaipokea ile zawadi, nikakuaga, nikaenda kula. Hilo ndilo linaloniamsha kabla ya jogoo.

Kuna jingine, nalo sijamwambia hata wifi yako. Nimeanza kuliandika mara mbili nikalifuta, utaona karatasi ilivyochubuka hapa.

Siku ile muuza maziwa alipoandika kwenye daftari, hakuondoka mikono mitupu. Alikuwa ameivua ile jozi nyeusi na kuiweka mezani, akachukua ya fedha badala yake. Sikujiuliza kwa nini mtu anarudisha kitu alichokisifu. Au nilijiuliza nikajijibu haraka, kwamba labda anapenda rangi ya fedha ifanane na madebe. Ile nyeusi ilikuwa na mikwaruzo miwili midogo. Niliifuta kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, na ulipofika wakati wa kukutumia, mkono wangu ulikwenda kwenye jozi hiyohiyo. Nyuma ya kile kikaratasi nilikuandikia kwamba ni mpya.

Sikukutumia aina mbovu tu, Dada. Nilikutumia ileile iliyokwisha kumwangusha mtu.

Sina cha kujitetea. Nimetafuta wiki nzima, na mimi unajua ni hodari wa kujitetea tangu utotoni, lakini safari hii hakipo. Siombi useme si kitu. Ukisema si kitu nitaumia zaidi.

Nilichofanya ni hiki. Jozi zote nyeusi zilizobaki nimezikata kwa msumeno wa chuma, kila mkono vipande viwili, ili asitokee mtu wa kuziokota akazifunga. Yule mteja mgeni nilimfuata hadi anakofanya kazi nikamweleza asinunue nyeusi popote. Na muuza maziwa nimemwomba radhi mbele ya watu, palepale kwenye pampu. Alinitazama akasema tu, "Siku nyingine inua kichwa." Nimeyaandika maneno hayo kwa chaki juu ya benchi, ninayaona sasa hivi ninapoandika.

Kwenye baiskeli yangu mwenyewe nimevua mikono ya breki. Ni ya chuma, mizito, imechakaa rangi, lakini nimeitumia miaka kumi na moja na kila nikiibana inarudi. Hiyo ndiyo nitakayokufungia. Sikutumii kwa mtu. Nakuja nayo Jumamosi, nitafika kabla ya saa sita, nifunge mwenyewe mbele ya macho yako. Kisha nitaimwagia maji na vumbi, nishuke nayo ule mteremko wa zahanati mara kumi wewe ukinitazama. Najua plasta haitatoka leo wala kesho, na huna pa kukimbilia na baiskeli. Hata hivyo siku itakapotoka nataka uikute tayari. Wagonjwa wako ambao siku hizi unawafuata kwa miguu nitawaomba radhi pia, kama utanionyesha milango yao.

Nakumbuka ulivyonifundisha baiskeli. Ulikuwa unakimbia nyuma yangu umeshika kiti, nami napiga kelele usiniachie, na kila nikigeuka nakuona bado umekishika. Ulikimbia hivyo hadi kandambili yako moja ikakatika. Nilikuwa nimesahau, na nisingependa kuwa nimekumbuka kwa sababu kama hii.

Mpe shemeji salamu zangu, na umwambie ana haki ya kuninunia, aninunie tu lakini aniachie sahani. Mwanao mwambie mjomba anamshukuru kwa kusema kweli, na ile kengele ya baiskeli niliyomwahidi naibeba. Mama mkwe wako msalimie sana, mguu wake usimsumbue. Mungu auunge mfupa wako uwe kama ulivyokuwa, akurudishie mkono wako na nguvu zake zote, hata zile za kunipigia kibao.

Jambo la mwisho. Daftari nalo nakuja nalo. Nimegeuza ukurasa, juu nimeandika "Jozi nyeusi", na chini sijaandika kitu. Yule aliyeniambia niwaulize wanaopanda hajaulizwa mpaka leo. Andika wewe, hata kwa mkono wa kushoto, hata neno moja. Sitalisoma peke yangu. Nitavuta kiti nikae mbele yako, ninyanyue kichwa, nikuulize ulimaanisha nini.

Wako akupendaye na anayekuonea haya,

Mdogo wako, Fundi.