Kwangu Mtandao Unakatika

Kansanga, Kampala

Mwanangu Annick,

Sisi wazima, mvua zimeanza. Umeyakataa marekebisho yangu ya programu yenu mara ya tatu: "Mpendwa mchangiaji, kwangu programu inafanya kazi." Mchangiaji! Mimi ni baba yako mdogo.

Nakueleza tena, polepole. Kiolezo chenu cha programu za kusoma jeni hupakua mafaili yote upya kila mtandao unapokatika. Kila maabara inayokinakili hurithi kosa hilo. Mwanafunzi wangu Benedicte amekwama na sampuli za kifua kikuu tangu Pasaka. Kwa mistari yangu minne ya msimbo, upakuaji unaendelea pale ulipoishia.

Huko Ubelgiji mtandao haukatiki, ndiyo maana hulioni kosa. Njoo ukae nyumbani wiki moja. Utaliona, nami nitakuona wewe, baada ya miaka tisa.

Baba yako mdogo,
Guerschom