Nyumba ya Magurudumu Uliyomchukulia Mama

Yaya Kasereka, kaka yangu,

Tulikuwa Beni, wewe umelala chini ya jeep ukiitengeneza, wakati vita vilipofika Ruwenzori, karibu nasi. Majirani walikuwa wanapita na magodoro kichwani. Mama alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kuketi, na ndiyo maana uliitafuta ile remorke yenye paa na kitanda, nyumba ndogo ya magurudumu, ili tumpeleke Butembo akiwa amelala.

Tatizo lilikuwa kile chuma cha kuishikia kwenye jeep. Kilikuwa chembamba kuliko tundu lake. Fundi alitaka kujaza vipande vya bati pembeni. Ulikishika, ukakitikisa, kikagonga huku na huku.

“Yaya, twende tu!” nilikulilia. “Batu yote bameshakimbia.”

“Na mama je? Hii chuma inacheza. Kwa mutelemuko itakatika, remorke itaanguka naye. Hapana, Masika.”

Ukapima upana wa tundu kwa kijiti, ukakikata sawasawa, ukapanda pikipiki ya mtu kwenda Butembo. Nilibaki na mama, tukisikiliza risasi. Nilikukasirikia sana. Kumbe kule ulikuwa unazunguka kwenye magari mabovu na kile kijiti mkononi. Chuma cha kwanza kilikuwa kinene, hakiingii. Cha pili kilienea lakini kilikuwa na ufa. Uliporudi asubuhi, umejaa vumbi hadi kwenye kope, cha tatu kiliingia taratibu, bila kucheza. Matundu ya pini yakalingana. Ulicheka peke yako.

Barabara ilikuwa matope na mashimo. Ulisimama kwenye kilima, ukafungua mlango wa nyuma.

“Mama, unaumia?”

“Sisikie kitu. Tunaenda kweli, ao tungali tumesimama?”

Tulicheka wote watatu, Yaya. Katika vita, kando ya barabara, tulicheka.

Tulimlaza mama kwa shangazi, katika kijiji cha Musienene, mbele kidogo ya Butembo. Hukunywa hata chai. Ulisema Mama Kahindo, jirani yetu, amebaki Beni. Alikuwa amepasuliwa kwa kujifungua, hawezi kutembea. “Kitanda kiko, lakini yeye hana mutu,” uliniambia. Ukageuza jeep kurudi kumchukua, sikukuzuia. Nani angekuzuia?

Mama Kahindo alifika baada ya siku nyingi, kabebwa kwenye machela na watu wa kanisa, mtoto kifuani. Hakukuona kamwe. Wapita njia walisema jeep na remorke vimesimama katikati ya barabara, bado vimeshikana, milango wazi. Wewe hukuwepo. Hakukuwa na damu, wala kiatu.

Mama aliishi akikungoja. Kila gari lililopanda kilima aligeuza kichwa. Siku za mwisho aliacha kuniuliza, na hilo liliniumiza kuliko maswali yake. Tulimzika palepale Musienene, kwenye shamba la maharagwe.

Jumapili iliyopita, kanisani, mchungaji aliomba kila familia isimame itaje watu wake waliokufa, waombewe. Nilisimama. Nikamtaja mama. Nikaketi kabla ya jina lako.

Mume wangu aliniinamia. “Juu ya nini hautaji Kasereka?”

“Hakuna mwenye alimuona akikufa,” nikamjibu.

Watu waliendelea kutaja majina.

Ni miye, mudogo wako, niko Butembo,
Masika