Shubiri ya Baba Mdogo Othmar

Mpepai, Mbinga
14 Julai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako sasa linakubali kupanda kutoka ufukweni na beseni la usipa. Bibi Marselina anaendeleaje? Mimi sijambo, ila baridi ya huku unaijua, Julai hii inauma mpaka masikio. Barua nimempa Luisa mkononi, anayeteremka huko, maana simu tunayokupigia ni ya jirani, na haya si ya kusikilizwa na jirani.

Nilikuambia chuo kimenituma Mbinga kupima nyuso za vijana wa miaka kumi na minane hadi ishirini na mitano. Sikukuambia kuwa kata ya Mpepai niliiomba mwenyewe. Tunapima kwa kalipa, chuma chenye taya mbili: urefu kutoka shina la pua hadi kidevuni, upana kutoka kitefute hadi kitefute, yaani mfupa wa shavu hadi wa pili. Urefu unagawanywa kwa upana, mara mia. Chini ya themanini na tano uso ni mpana, tisini na kuendelea ni mrefu. Madaktari wa meno na wa upasuaji wanazitaka namba hizo ili wakimtengenezea mtu wetu taya wasitumie vipimo vya Wazungu. Basi, ni hayo tu. Siku ya kwanza mwalimu alituonya kwamba namba hizo hazisemi nani ni mtoto wa nani.

Lakini Baba Mdogo Othmar hakusoma kwa mwalimu yule. Unakumbuka siku ya matanga ya Baba, nikiwa na miaka kumi na miwili. Alinishika kidevu mbele ya ukoo, akapima uso wangu kwa shubiri yake, akatangaza kuwa uso mpana namna ile ni wa ziwani, katika nyumba ya baba yao haujawahi kuzaliwa, kwa hiyo mimi si damu ya kaka yake na shamba la kahawa si letu. Ukoo mzima ukamkubali. Tukateremka Liuli, huko ziwani, na godoro moja, kaburi la Baba tukaliacha katikati ya mibuni yake. Miaka kumi na miwili, Mama, nimelala na kuamka na shubiri ile usoni.

Jumanne tulikaa kwenye ofisi ya kijiji. Wa tisa kwenye foleni alikuwa Aidan, mtoto wa Baba Mdogo, katoka kibaruani kwenye mgodi wa Ngaka na vumbi la makaa ya mawe. Nikamwambia anawe kwanza. Akauliza amepata ngapi, nikamjibu kwa sauti: themanini na mbili. Mimi mwenyewe ni themanini na moja. Vijana hawakumwacha, habari ya shubiri kijiji kizima kinaijua, wakamwuliza naye atateremka lini Liuli kuvua usipa. Sikucheka. Nilingoja, maana nilijua moto huo utafika kwa nani.

Kabla ya chakula cha mchana Baba Mdogo akaingia akitweta, na ndevu zake zile, na Mzee Stephano mkubwa wa ukoo nyuma yake. Alisema chuma changu kinasema uongo. Akaapa mbele ya watu kwamba yeye ndiye kipimo cha nyumba ile: anayelingana naye ni wa damu, asiyelingana aondoke. Kisha akakaa mwenyewe kwenye kiti. Mama, uso ule niliushika kwa mikono yangu hii. Nilisikia raha, sitakuficha. Nikasoma kwa sauti: themanini na moja.

Ungewasikia watu! Waliokuwa nje waliingia kwa kusukumana ili nao wacheke. Tangu siku hiyo watoto wanamwita Babu Usipa, na mimi siwakatazi. Mzee Stephano hakucheka. Alimwambia amejihukumu kwa kinywa chake: kama uso wake ni mpana kama wangu, basi mimi ni damu ya nyumba ile. Alhamisi, mbele ya ukoo, mwenyekiti wa kijiji na katekista, Baba Mdogo alitia saini: shamba lote, kutoka kijito hadi njia ya kanisani, limerudi kwetu. Kalamu ilimdondoka mara mbili, na mara zote mbili nilimwokotea.

Sasa sikia lililonifanya niandike. Themanini na moja ile ilikuwa yangu. Yake ni tisini na mbili. Nimemdanganya yeye, Mzee Stephano na kijiji kizima, tena kwa chuma cha chuo. Usidhani nilimhurumia. Ningesoma kweli, kwa kiapo chake mwenyewe Aidan angekuwa si mwanawe, na mkewe, Mama Mdogo Beata, angefukuzwa kama ulivyofukuzwa wewe. Njia hiyo niliiona, na niliitamani sana. Kilichonizuia ni debe la mahindi ambalo Mama Mdogo alituletea kwa kujificha asubuhi ile tunaondoka.

Namba ya kweli nimeiandika kwenye karatasi, pamoja na jina lake na tarehe. Imo ndani ya bahasha hii. Akithubutu tena kukuondoa kwenye shamba lile, mpe aisome akiwa peke yake. Ataelewa ni nyumba ipi itakayovunjika safari hii. Ukipenda, ichome. Mimi ningeitunza.

Msalimie sana Bibi, na wote mnaosali nao. Agosti panda huku, uje na msalaba. Kaburi nimeshalipalilia.

Ni mimi mwanao, na mwana wa baba yangu,

Ottilia