Habari Zilizopimwa Jikoni

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi ya leo mawingu yameshuka hadi juu ya mapaa, na manyunyu hayataki kukoma.

Mwaka umezunguka, mpendwa wetu, tangu ulipotuacha.

Miaka yote uliyosoma habari katika redio ya taifa, hukutoka nyumbani bila kupita jikoni. Ulisimama mlangoni, tai begani, ukamsomea mkeo habari ulizoandika huku yeye akimenya viazi. Wakati huo hakujua kusoma hata jina lake. Akisema "sijaelewa", ulivuta kigoda ukaandika upya. Dada yako alikutania: "Kaka, mhariri wako ana mwiko mkononi!" Nawe ulimjibu: "Huyu akielewa, nchi nzima imeelewa."

Jirani akiishiwa betri za redio, ulimpa za kwako.

Mkeo sasa anasoma. Alijiunga na madarasa ya jioni, akakaa dawati moja na fundi viatu, na kitu cha kwanza alichosoma peke yake ni zaburi uliyoipenda.

Binti yenu mkubwa anatangaza katika redio ya binafsi. Juma lililopita alikuja na rasimu ya sera mpya ya utangazaji, akasimama mlangoni, palepale pako.

"Vyombo vya umma na vya binafsi vitaoanisha maudhui ya habari kupitia chanzo kimoja kilichoidhinishwa."

"Sijaelewa," mkeo akasema.

"Habari zitaandikwa wizarani, Mama. Redio zote tutasoma hizohizo. Atakayeongeza neno anafungiwa."

"Mbona hawakuandika hivyo?"

"Ndilo nitakalowauliza."

Leo ndiyo siku ya kikao cha maoni kuhusu rasimu hiyo, na binti amejiandikisha kuzungumza.

Juzi simu ya mkeo ililia. Mwanamume mwenye sauti ya upole, hakujitaja. "Shikamoo mama. Binti yako ana sauti nzuri. Mwambie aitunze." Akakata. Tangu hapo, gari likipunguza mwendo mtaani, mkeo anachungulia dirishani. Anafunga mapazia mchana kweupe. Anaanza sala, maneno yanamkimbia katikati.

Asubuhi hii tulikusanyika sebuleni kukuombea, pamoja na wenzake mkeo wa kikundi cha sala. Ilipofika saa ya habari, mdogo wako akawasha redio yako, kama tufanyavyo siku zote. Kimya. Akaigonga. Akainyanyua, nyepesi kama boksi tupu. Alipofungua kifuniko cha nyuma, betri hazikuwamo. Ndani mlikuwa na kitambulisho cha binti yako, ambacho alikuwa akikitafuta nyumba nzima, na bila hicho haruhusiwi kuingia ukumbini.

"Shemeji," akasema, "redio siku hizi inakula vitambulisho?"

Mkeo alikaa chini sakafuni. "Ni mimi. Nimeshazika mmoja. Naogopa."

Binti akapiga magoti mbele yake. "Hata mimi naogopa, Mama." Akatoa mfukoni karatasi ya maoni yake. "Basi nisikilize. Ukisema hujaelewa, siendi."

Akasoma. Mwanzoni sauti ilitetemeka, halafu ikanyooka, na kwa kitambo tulikusikia wewe. Angeweza kusema uongo, mkeo. Neno moja tu lingembakiza mtoto nyumbani. Tulimwona akifumba macho, midomo ikicheza kwa sala.

"Nimeelewa," akasema. "Yote."

Tunaokukumbuka ni mkeo, watoto wako na wajukuu, dada yako, mdogo wako, na wote tuliokuwa sebuleni tukayasikia maneno aliyoyasema baada ya hapo, akiwa amesimama, mkono juu ya redio yako, huku nje gari tusilolijua limesimama bila kuzima injini:

"Mume wangu, humu ndani hutasahaulika maadamu tuna pumzi. Mtoto haendi peke yake. Nitakaa kiti cha mbele, na wakisema nisichokielewa, Mungu akinisaidia, nitasimama niseme: sijaelewa."