Redio ya Baba Imeozea Sandukuni

Alhamisi, usiku

Hata chakula sikitaki. Fundi wa Lushoto kaifungua redio ya marehemu baba mbele yangu. Betri zimevuja, zimekula waya zote.

"Nani kaifungia na betri ndani, bwana mdogo?"

Aliyeifungia ni baba mdogo. Siku ya msiba alisema redio isilie mpaka arobaini ipite, akaitia sandukuni hivyo hivyo na ufunguo akachukua. Arobaini ikapita, tukavuna na maharage, ufunguo hatoi; kautoa jana tu. Nilitaka kumwambia azitoe zile betri. Lakini mimi mbele ya wakubwa...

Fundi anasema haitapona. Kaomba spika, akaitie kwenye redio ya ofisi ya kijiji cha ujamaa, ambayo spika yake imepasuka. Nikampa. Angalau italia huko.

Nikapanda kurudi nyumbani Magamba na ganda tupu na zile betri. Baba mdogo kaniona, kauliza spika iko wapi; nilipomwambia, akacheka.

"Kumbe redio nayo imehamia ujamaa! Hayo matakataka mbona umeyabeba?"

Akaninyang'anya betri akazitupa mferejini. Mfereji huo huo tunaokunywa maji yake!

"Shemeji, maji hayo," mama alisema. Baba mdogo huyoo, kaenda zake.

Nimeingia kwenye maji baridi nikazitoa zote. Nimezifunga kwenye kopo, liko chini ya kitanda. Nizipeleke wapi, sijui. Fundi mwenyewe anatupa zake nyuma ya kibanda.

Asubuhi baba mdogo atapita hapa, na mimi nitamwamkia shikamoo.