Ubobezi wa Figo na Kazi Uliyoniombea

Mama yangu,

Kazi nimepata. Naanza na hilo, maana ndilo ulilokuwa ukiuliza kila nikipiga simu, hata kabla hujaitikia shikamoo yangu.

Uliondoka nikiwa nimemaliza ubobezi wa figo za watoto na sina pa kwenda. Msibani watu waliniita daktari bingwa bobezi, kumbe nalishwa na dada Salma. Wewe ulikwisha kuniuliza, tukichambua mchicha uani kwetu pale Dunda: "Sasa ukijua figo tu, mwenye kikohozi atakwenda wapi?" Nilicheka. Ukacheka nawe, ukanirushia jani.

Mama, swali lile nililikuta kwenye usaili. Hospitali kubwa zilikuwa na wabobezi wao tayari. Ndogo zikaniambia kwa upole kwamba zinataka daktari wa watoto wa magonjwa yote, na kwamba mimi nitachoka upesi niondoke. Rehema, niliyesoma naye, aliishia shahada ya kwanza na alishaajiriwa zamani. Nilijuta. Miaka ile yote ningekuwa karibu yako.

Mwishowe hospitali moja ya huku huku pwani ikanichukua kwa mkataba mfupi, kama daktari wa watoto wa kawaida. Nikatibu vikohozi na homa. Halafu akaja mwanamke kutoka Kiwangwa na binti yake, Asha, amevimba uso na miguu. Kijijini walimsifu kuwa amenenepa. Nikampima mkojo, nikajua ni figo. Tukamtibu, uvimbe ukashuka, na mama yake akaniambia, "Leo ndiyo nimeiona sura ya mwanangu." Nilitoka nje nikashika simu nikupigie. Nikakumbuka.

Baada ya Asha wakaletwa wengine. Nikapewa siku ya kliniki ya figo kila wiki, na mkataba ulipokwisha wakaniajiri kwa ubobezi wangu.

Madaktari wapya huniuliza kama wasome ubobezi ili wapate kazi. Siwadanganyi. Mimi ubobezi haukunifungulia mlango. Ulinifaa nilipokwisha kuingia. Nawaambia watazame kwanza huko wanakotaka kuishi kuna wagonjwa gani wasio na wa kuwatibu.

Nyumbani hatujambo. Chumbani mwako nalala mimi. Alfajiri bado nasikiliza kama umeshaamka kutia udhu, halafu naamka mwenyewe.

Sasa hospitali kubwa ya Dar, moja ya zile zilizonikataa, imeniita. Salma anasema ilipasa niwe nimeshafungasha. Lakini yupo daktari kijana hapa, Mwanaidi, ameanza kukaa nami kliniki, na mkono wake ni mwepesi kwa watoto. Nimewajibu wanisubiri, wakishindwa basi.

Mungu akutilie nuru huko uliko, Mama. Ijumaa tutakuja na Salma kukusomea Yasini. Nami nakuahidi: sitaondoka hapa mpaka Mwanaidi aweze kuwatibu watoto hawa bila mimi.

Kwaheri, mama yangu.

Mwanao,
Mwanahawa